Kisu cha Begi la Dharura kwa Bei ya Kilo Mbili za Nyama

Kabla hujanunua kisu cha begi la dharura, hakikisha begi lenyewe huna. Huo ndio utaratibu wa wajuzi. Anayeanza na begi hujikuta anahangaikia vidonge vya kutibu maji, nakala za vyeti vya kuzaliwa, dawa za presha za mama mkwe na betri za tochi, mpaka fedha zinamwishia hajafika hata dukani kwa visu. Masikini, hajui raha ya kujiandaa. Wewe anza na kisu. Kisu hakina foleni ya vyeti kule RITA wala hakihitaji barua ya serikali ya mtaa, na ukikishika mbele ya kioo cha kabati unaona kabisa kwamba familia iko salama.

Watu wa nyumbani watakuuliza ni dharura gani hiyo. Usijibu haraka, maana jibu la kweli linaharibu biashara. Kwa mkazi wa Dar es Salaam dharura inajulikana kwa jina na kwa msimu: ni maji. Desemba 2011 mafuriko yaliwatoa watu bonde la Msimbazi, na wengine wakaenda kuanza upya Mabwepande. Mabasi ya mwendokasi yalijengewa karakana palepale Jangwani, mto unapopita, na mto umeshapita humo zaidi ya mara moja. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilitua upande wa Mafia, boti za Zanzibar zikasimama. Katika habari zote hizo sijasikia hata mtu mmoja aliyeokolewa na ubapa wa inchi saba wenye meno ya msumeno mgongoni. Nimesikia wengi waliotafuta kitambulisho kwenye tope.

Tatizo ni kwamba miongozo ya visu vya kunusuru maisha imeandikwa zaidi na watu wa nchi za misitu ya baridi, ambako mtu anaweza kupotea siku nne asione jirani. Huko kisu kinajenga kibanda, kinachonga mtego wa sungura na kuwasha moto kwenye theluji. Wewe huwezi kupotea peke yako Mbagala hata ukijitahidi. Dharura yako itakuwa na watu mia mbili kwenye madarasa ya shule ya msingi, na saa ya kwanza tu mmoja atataka kukata kamba ya manila ili afunge turubai, mwingine ana kiroba cha unga kilichofungwa kwa uzi wa kiwandani, mama mmoja anachana shuka amfunge mtoto mguu, kijana anapasua kuni mbichi, na kuna mihogo. Mihogo haikosekani. Wote hao watauliza nani ana kisu, na mke wako, aliyekuonya usinunue, atakuwa wa kwanza kukuonyesha kwa kidole.

Kwa hiyo elewa unachonunua: kisu cha kuazimwa. Kitaondoka mkononi mwako asubuhi, kitapita mikono ambayo huijui, kitatumika kufungulia kopo na kuchimbia shimo la mti wa turubai, kitarudi jioni kikiwa na ugali. Kisu cha thamani utakaa unakifuata kwa macho, na ukikinyima utakuwa yule jirani. Ndiyo maana bajeti yangu ni kilo mbili za nyama, kwa bei ya bucha la mtaani kwako. Ukizidisha hapo, roho itauma kukiazimisha. Ukipunguza sana, kitavunjika mkononi mwa mtu na lawama zitakurudia.

Lakini najua hukuja kusikia hayo. Umekuja kwa sababu ya kile kisu ulichokitamani tangu enzi za vibanda vya video. Filamu ya First Blood ilitoka mwaka 1982, kisu chake kilitengenezwa na fundi wa Arkansas aitwaye Jimmy Lile, na tangu hapo viwanda vya dunia havijachoka kukitengenezea binamu wa bei poa. Basi tukichambue, kwa heshima zote. Mpini wake ni bomba. Ndani ya bomba mna njiti za kiberiti, ndoano mbili, uzi, sindano na plasta moja, ili ukikatwa mkono na kisu hicho uwe na pa kuanzia. Kifuniko cha bomba ni dira, iliyofungwa sentimita chache tu kutoka kwenye pande la chuma, kwa hiyo kaskazini yake inategemea umekishika vipi. Mfereji wa ubavuni utaambiwa ni wa kupitishia damu. Ni wa kupunguza uzito tu, ila usimwambie muuzaji, ataumia. Na yale meno ya mgongoni hayakati mti. Yanautafuna kidogo halafu yanakwama. Kazi yao hasa ni kuchana ala kwa ndani kila unapochomoa kisu, na kukuzuia kugonga mgongo wake kwa gogo pale unapotaka kupasua kuni, kazi ambayo kisu cha kawaida kinaifanya bila kulalamika.

Aibu kubwa zaidi imefichwa. Mpini ukiwa bomba lililojaa ndoano, msuka utakaa wapi? Msuka ni ule mkia wa chuma unaoingia ndani ya mpini, na hapo ndipo pa kuweka fedha zako, si kwenye ubapa unaong'aa. Kwenye visu hivi vya kuiga, mara nyingi ubapa unaishia kwenye kipande kifupi cha bolti kilichobanwa kwa nati. Kwa kupigia picha unatosha. Ukikitumbukiza kisu kwenye kipande cha mti na kukipinda kidogo, utabaki umeshika bomba lenye sindano.

Sasa kipimo halisi, nacho ni cha bure. Kigeuze kisu utazame kwa upande wa mgongo. Unataka kuona chuma kimoja kimetoka kwenye ncha, kimepita katikati ya vipande viwili vya mbao, kimetokea mwisho wa mpini. Kisha tazama ribiti zinazoshika mbao hizo. Mbili zinatosha, tatu ni heri, na uziguse kwa ukucha, kwa sababu wapo wenye viwanda waliogundua kwamba ribiti ya kuigiza kwenye plastiki ni rahisi kuliko ribiti. Gonga mpini mezani. Ukisikia kitu kinacheza ndani, mrudishie mwenyewe kwa adabu. Hapa pia ndipo kisu cha kukunja kinapopoteza nafasi yake begini, japo ni kizuri mfukoni: tope likiingia kwenye bawaba hakifunguki, na kitu chochote kinachojikunja ipo siku kitajikunja juu ya vidole vya aliyekiazima.

Urefu, usihangaike. Laza ubapa juu ya vidole vinne vilivyobanwa. Ukivuka kidogo tu umefika, sentimita 10 hadi 12. Unene milimita 2 hadi 3. Muuzaji atakuonyesha wa milimita 6 akisema unaweza kung'olea mlango. Mwulize mlango gani. Ubapa mnene kiasi hicho haukati muhogo, unaupasua, na kitunguu kinakuangalia kwa huruma. Kama ni matawi au madafu, hiyo ni kazi ya panga, na panga liko tayari nyuma ya mlango wa jirani yako kwa sababu ambazo hujawahi kumuuliza.

Kwenye chuma watu hupenda kujifanya wahandisi, nami sitakunyima. Kwa mfuko wako kuna vya aina mbili. Kuna chuma cha kawaida chenye kaboni, kinachonoleka upesi, kinachokata vizuri, na kinachoshika kutu ukikitazama vibaya. Halafu kuna kile kilichochanganywa na kromiamu, ambacho kutu inakiogopa, lakini aina zake za bei ya chini ni laini na makali yanalala mapema. Wenye misimamo mikali watakuambia cha kaboni ndicho kisu, kingine ni kijiko. Hao hawajawahi kuacha kisu miezi sita ndani ya begi lililofungwa Kigamboni. Pwani chukua kisichoshika kutu, hata kama utakinoa mara mbili zaidi. Ukiwa Iringa au Nakuru, chagua unachotaka na ukipake mafuta kidogo.

Nenda dukani na sumaku, ile ndogo iliyoshikilia kalenda kwenye friji. Ubapa wa bei hii usiposhika sumaku hata kidogo, umepewa chuma cha vijiko: hakipati kutu, na ugumu hakiupati hata ukipashe vipi. Kushika sumaku nako si cheti, msumari pia unashika. Mwenye roho ngumu abebe na tupa, aipitishe kidogo karibu na mpini. Ikiteleza au kung'ata kwa shida, chuma kimepikwa. Ikikwangua kwa raha na kumwaga unga, ondoka kabla muuzaji hajamaliza kushangaa.

Maandishi ya ubavuni yasome kwa burudani. Solingen ni mji wa visu wa Ujerumani, na jina lake linalindwa kwa sheria tangu 1938. Ukilikuta limekosewa herufi kwenye kisu cha elfu tatu, usimlaumu Mjerumani. Mawimbi ya Damaski yaliyochapwa juu juu yanatoka kwa msasa. Ukikuta ubapa umeandikwa neno la Kiingereza lenye maana ya kunusurika, kwa herufi kubwa nyekundu, jua fedha ya msuka imelipia rangi.

Ukitaka kununua cha nyumbani, nenda Gerezani, au kama uko Nairobi teremka Kamukunji, kwa mafundi wa chuma. Hapo utaambiwa sentensi moja ambayo hakuna tangazo limewahi kuishinda:

"Bosi, hii spring ya Fuso. Utakufa, itabaki."

Huenda ni kweli. Chuma cha spring za magari kina kaboni karibu asilimia 0.5 hadi 0.6, kiasi cha kutosha kukubali ugumu, na hakivunjiki ovyo. Lakini kabla hujatoa noti, muulize fundi aliifanyaje. Akisema ameikata kwa grainda na kuichonga ikiwa baridi, itakuwa na ugumu ule ule iliokuwa nao chini ya lori: imara mno, ila makali yatahitaji kuamshwa kila jioni. Akisema aliipasha ikaiva nyekundu, akaizamisha kwenye oili chafu, halafu akairudisha motoni taratibu mpaka uso wake ukapata rangi ya majani makavu, mpe mkono, huyo ni mhunzi. Mwambie usitie nakshi, usitie pembe ya nyati, usitie jina langu. Mbao mbili, ribiti tatu. Ataona umefilisika. Vumilia.

Wapo watakaokushauri uagize Sweden, kwa sababu mji wa Mora unatengeneza kisu cha mpini wa plastiki na ala ya plastiki, ubapa wa takriban sentimita 10, ambacho huko kinauzwa kwa karibu dola 20. Ni kisu kizuri hadi kinaudhi. Msuka wake haufiki mwisho wa mpini, jambo linalovuruga nusu ya niliyokwisha kusema, na bado kinadumu. Shemeji akija nacho kutoka ughaibuni, kipokee kwa mikono miwili. Ukikiagiza mwenyewe, nauli itakula nyama zote na mifupa.

Kuna ushauri mwingine ambao nautoa kwa sauti ya chini, kwa sababu ukienea maduka ya mambo ya kijeshi yatafungwa. Nenda kwa mama muuza mihogo wa barabarani, yule anayemenya tangu adhuhuri. Tazama kisu chake. Mpini umefungwa mpira wa tairi la baiskeli. Ubapa ulikuwa mpana siku unanunuliwa. Sasa umenolewa mpaka umebaki wembamba wa kidole cha shahada, makali yamebonyea katikati pale gumba linapofanya kazi, na ncha imekatika zamani ikasahaulika. Anaingiza chini ya ganda la muhogo, anazungusha, ganda linatoka zima.

"Mama, naomba nikione kisu chako."

"Mihogo au kisu, baba? Kisu hakiuzwi."

Kile ni kisu cha jikoni cha kawaida, cha aina inayoning'inizwa kwa machinga pamoja na mashine za kukunia nazi na viwembe. Kina msuka mzima na ribiti. Hakipendi kupasua kuni, kwa sababu ni chembamba, ila ukitoa kuni na ushujaa, kazi zote za darasani pale shuleni kinaziweza. Ukinunua kipya cha namna hiyo utabakiwa na zaidi ya kilo moja ya nyama, na hapo hutakuwa na kisingizio tena kuhusu vile vidonge vya maji. Naelewa kwa nini wengi hawapendi suluhisho hili.

Kasoro yake kubwa ni kwamba kinakuja uchi, na kisu kisicho na ala ndani ya begi kitatoboa kwanza ule mfuko wa plastiki wenye vyeti. Usikifunge kwa gazeti. Tafuta kipande cha bomba la maji la plastiki, la kijivu, kirefu kuliko ubapa kwa vidole viwili. Kipashe juu ya jiko la mkaa ukikizungusha, kwa mbali, kilainike bila kuungua; moshi wake si wa kuvuta, kwa hiyo fanyia uani na watoto wasogee. Kikilegea, ingiza kisu ulichokizungushia karatasi nene, kibane katikati ya mbao mbili, uzikanyage mpaka kipoe. Chomoa kisu, toa karatasi, toboa tundu dogo upande wa ncha ili maji yatoke. Una ala ambayo haiozi. Za ngozi zinapendeza kweli, lakini ngozi hunywa unyevu na kuulaza juu ya chuma usiku kucha, na asubuhi utakuta ubapa una madoa ya chai.

Kunoa ndiko kunakotenganisha mwenye kisu na mwenye bati. Mnoaji wa baiskeli akipita mtaani akigonga chuma chake, mwite, lakini simama pale pale. Anapokanyaga pedali na cheche zikaanza kuruka, wewe usitazame cheche, tazama makali. Yakigeuka bluu, hata mstari mwembamba, ugumu wa chuma umeondoka hapo kwa joto, na hakuna kinoo kitakachourudisha. Itabidi sehemu hiyo isagwe yote iishe. Mnoaji mzuri anagusa kidogo, anachovya majini, anagusa tena. Anayekandamiza huku anasalimiana na wapita njia, mlipe umwambie inatosha. Nyumbani unahitaji kinoo kimoja tu, au kitako cha kikombe cha udongo pale pasipopakwa rangi, na subira kidogo. Kata karatasi ya daftari la mtoto. Ikikatika bila kuchanika, paka mafuta ya nazi, rudisha kwenye ala, weka chini kabisa ya begi.

Chini kabisa, narudia, si kiunoni. Najua ulitaka kiunoni. Sheria za adhabu, kwetu na Kenya pia, hazimpendi mtu anayezurura na silaha hadharani bila sababu ya msingi, na "kimbunga kinaweza kuja" si sababu ya msingi mwezi Septemba kituo cha daladala cha Makumbusho. Kwenye boti ya Zanzibar begi litapita kwenye mashine, na kwenye ndege kisu hakikai na abiria; kiache nyumbani. Na siku afande atakapokukuta barabarani na begi lako, akalifungua, akachimba chini ya blanketi, ya sukari na ya vyeti, akakitoa na kukuuliza hiki cha kufanyia nini, usimweleze habari za Arkansas. Sema, "Cha mihogo, afande." Ila mihogo nayo iwemo humo begini, angalau miwili, maana afande hatafunga begi kabla hajaiona.